Jina Langu Halivuki Bahari

Kibirichia, Meru
Tarehe 9 Januari 1955

Kwa mwanangu Ishmael Marete, huko Embu.

Salamu zangu ni nyingi kama viazi vya Kibirichia, na viazi vya Kibirichia mtu akianza kuvihesabu atazeeka shambani. Mimi mzima. Mguu wa kushoto unauma wakati wa baridi, lakini hata ukiuma unawashinda hawa vijana wenye miguu miwili mizima. Tunachimba ule mtaro wa serikali wa kuzuia watu wa msituni. Kila boma linatoa mtu mmoja. Boma langu limenitoa mimi, na jana walipopima, kipande changu kilikuwa kirefu kuliko cha wote. Uliza mtu yeyote. Ila usimwulize Njiru, huyo ni mkubwa wa homgadi siku hizi, anatembea na bunduki ya serikali, na hasemi kweli hata akiota.

Barua yako niliipata Jumatano nikaisoma mwenyewe. Sikumpa mwalimu anisomee. Ilinichukua tangu ng'ombe walipotoka mpaka waliporudi, lakini nilifika mwisho. Umesema niandike Kiswahili, nisiandike Kimeru, maana barua za Kimeru zinalala posta wiki tatu. Sawa. Kiswahili nilikipata katika vita vya Mjerumani, nikibeba masanduku ya risasi toka Voi mpaka ndani ya Tanganyika, na bwana mkubwa alisema mbele ya watu, "Mukiri, wewe unasema Kiswahili kuliko Waswahili." Labda alikuwa anacheka. Lakini alisema.

Sasa neno lenyewe. Unasema Padri Harrop anarudi kwao Australia kwa haraka kwa sababu mke wake hapati usingizi kwa hofu ya mapanga. Unasema mtoto wao hali chakula ila kwa mkono wa Wambeti wako, na kile kitabu cha Injili mnachotafsiri wewe na Padri hakijaisha. Kwa hiyo mnakwenda naye, wewe na mkeo na mtoto, miaka miwili, na meli inaondoka Mombasa tarehe 12 Februari. Marete! Hata mbuzi wa kuuzwa hupewa siku nyingi kuliko hizo za kuaga zizi.

Nilimwuliza Njiru Australia iko wapi. Akasema ni mbele kidogo ya Mombasa.

Sikiliza. Yule mtoto wako ni mimi. Ulimwita Mukiri kwa sababu ndivyo ilivyo, mwana wa kwanza ni babu yake. Sasa unataka kunibeba mimi mpaka nchi ya kondoo bila kuniuliza? Jina langu halivuki bahari bila kutemewa asali. Nilipokwenda vitani baba yangu alitia asali mdomoni akanitemea mikononi na kifuani. Wenzangu waliodharau jambo hilo wamelala Tanganyika mpaka leo, na mimi niko hapa naandika, na koti langu la vita liko hapa msumarini, vifungo sita, namba yangu imeshonwa ndani ya kola. Mlete mtoto. Wewe nikutemee mikononi, yeye kifuani, kisha mwende mnakotaka, hata mwezini.

Kama huji, sitoi ruhusa. Nimemaliza.

Mimi baba yako,
Mukiri wa Kibirichia, namba 4417 ya vita vya Mjerumani

*

Embu
Tarehe 15 Januari 1955

Kwa Baba, kwa heshima.

Barua yako imefika. Tumefurahi kusikia mguu bado unachimba. Mtoto anakusalimu. Amejifunza kutembea kama wewe, anauvuta wa kushoto, na Wambeti anamkataza bila kufaulu.

Baba, nataka kuja, siwezi. Mtu wa Embu au wa Meru hatoki eneo lake bila pasi. Ya kuja huko nimeomba mara mbili, nimenyimwa mara mbili. Ya Mombasa nitapewa, lakini Bwana D.O., yule afisa wa serikali wa hapa, anataka kwanza neno kutoka kwa chifu wenu, kwamba boma la baba yangu ni safi. Kwamba hakuna aliyekula kiapo cha watu wa msituni na hakuna kitu kilichokwenda kwao. Neno hilo lifike kabla ya tarehe 4 Februari. Lisipofika, Padri ataondoka na sisi tutabaki.

Usifikiri naenda kwa kupenda meli. Unamkumbuka Salesio, tuliyekuwa tukiandika naye meza moja? Wiki iliyopita walimchukua kwa sababu ya shemeji yake. Mke wake amepeleka blanketi kwenye kambi mbili, na zote mbili wamemwambia hayupo. Padri akishaondoka, hapatakuwa na mtu wa kuniulizia mimi.

Nenda kwa chifu, Baba. Nenda taratibu. Ukimkuta Njiru mlangoni, msalimie tu.

Na jambo lingine. Unapoandika, niandikie habari za mvua na viazi. Posta ya hapa ina kazi nyingi, na bahasha yako ya mwisho ilifika imebandikwa kwa gundi ambayo si ya kwetu.

Mwanao mtiifu,
Ishmael Marete

*

Kibirichia
Tarehe 21 Januari 1955

Kwa mwanangu Marete.

Mvua ipo. Viazi vipo. Hayo umetaka, hayo nimeandika.

Nilikaa siku mbili nafikiri habari ya gundi. Siku ya tatu, nikiwa mtaroni, nikaelewa, nikacheka mpaka nikaweka jembe chini. Kumbe kuna mkubwa huko anasoma barua zangu! Kwa nini hukuniambia mapema? Ningeandika vizuri zaidi.

Basi wewe bwana unayefungua, salamu. Usione aibu. Keti, soma. Unataka kujua kama boma la Mukiri ni safi. Usimwulize chifu, niulize mimi, maana chifu mwenyewe nilimjua hana hata kuku.

Nilikwenda kwake Jumatatu, Marete, kama ulivyosema, taratibu. Njiru alikuwa mlangoni na bunduki. Akasema, "Mzee, vua kofia." Nikamwambia, "Njiru, siku uliyotahiriwa mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu, nikaona macho yako yakitoka maji. Kofia hii ilikuwepo pia." Watu wote waliokuwa kwenye foleni walicheka, hata wanawake. Njiru peke yake hakucheka. Chifu akasema nirudi wiki ijayo. Nitarudi, na kofia yangu.

Sasa bwana msomaji, nitakupa habari moja ujue mimi ni mtu wa namna gani. Jumanne saa kumi mvua ilinyesha na ukungu ukashuka kutoka mlimani mpaka langoni. Mtu akasimama hapo. Nywele ndefu, anatetemeka kama ndama aliyezaliwa usiku wa baridi. Akataja ukoo wake. Nikajua ni gichiaro yetu. Wewe hujui neno hilo, nitakufundisha bure. Babu yake na babu yangu walichanja damu, wakaila pamoja juu ya kipande kimoja cha nyama. Tangu siku hiyo mtu wao akiomba kitu kwetu hanyimwi, wala hadanganywi, wala haulizwi ametoka wapi. Ukimnyima, boma linakwisha. Ng'ombe wanatangulia, watoto wanafuata. Hata ukimchukia, unampa.

Aliomba koti langu.

Koti la vita! Miaka thelathini na sita liko msumarini, nalitoa kwa baraza na kwa arusi tu. Nikamvika mwenyewe, nikamfunga vifungo sita kimoja kimoja. Akaenda ndani ya ukungu, sikumwuliza wapi. Sasa niambie, nani mwingine Kibirichia angefanya hivyo? Njiru angevua hata soksi? Mtu anayeshika neno la babu yake namna hii, wewe bwana, unaweza kumshuku kwamba anavunja neno la serikali? Andika hapo kwamba boma lake ni safi, uweke muhuri, mwanangu aende zake.

Marete, kwa kuwa wamekunyima pasi, nimetuma asali kwa lori la viazi. Chupa imezibwa kwa gunzi la hindi. Mate yangu nimeshatia ndani. Jipakeni. Si kama kutemewa, lakini ni afadhali kuliko kwenda mkavu.

Mimi baba yako,
Mukiri, namba 4417

*

Embu
Tarehe 27 Januari 1955

Kwa Baba Mukiri.

Ni mimi Wambeti, mke wa Marete. Barua hii haipiti posta. Anaileta Idrisi, mchinjaji wa Majengo ya hapa Embu. Yeye si wa makabila yaliyofungiwa, anapita kwenda Isiolo kununua mbuzi, na hatarudi huku mpaka meli iwe imekwisha kuondoka. Kwa hiyo usimpe jibu. Ukitaka kusema neno, njia ni posta tu, na posta unajua sasa nani yupo.

Nitakwambia wazi kwa sababu hakuna aliyekwambia wazi.

Jumatatu gadi na askari waliwaua watu watatu msituni, juu ya Kibirichia. Mmoja alikuwa amevaa koti la zamani la vita. Ndani ya kola kuna namba 4417.

Jumanne Marete aliitwa ofisini. Padri alikwenda naye, ndiye aliyeniambia. Barua zako zote zilikuwa mezani zimepangwa kwa tarehe, na nakala za barua zake kwako ziko kando. Hawakupiga kelele. Walimwuliza tu, "Koti la baba yako lina vifungo vingapi?" Akasema sita. Wakaandika. Hajarudi nyumbani.

Chupa ya asali ilivunjwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alisema ni dawa ya kiapo. Dereva wa lori naye wamemweka.

Padri aliwaomba sana. Bwana D.O. akamjibu kwa Kiswahili, ili Marete asikie, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Halafu akasema atangoja mpaka tarehe nne kama alivyoahidi. Kama yuko mtu wa kuonyesha kwamba Marete na boma lile wameachana, aonyeshe. Padri hana la kuonyesha. Nani atasema Marete si wako, Baba, wakati wewe mwenyewe umeandika kila mstari kwamba ni wako?

Masanduku yamefungwa. Mtoto analala juu ya moja na anauliza Australia kuna babu.

Sijui kama nakulaumu. Nitajua nikishajua mume wangu yuko wapi.

Wambeti

*

Kibirichia
Tarehe 31 Januari 1955

Kwa Bwana D.O., Embu.

Mimi Mukiri wa Kibirichia. Nimeandika mwenyewe, sikuandikiwa.

Koti ni langu. Mtu yule nilimvika mimi kwa mikono yangu, na simkani. Hayo nimekwisha kusema na hayabadiliki. Gadi wanajua boma langu, hawana haja ya kuja wengi.

Neno langu ni juu ya Ishmael Marete. Huyo si mtoto wangu. Nilimtoa mwaka 1951, alipooa mwanamke wa Embu bila kuniuliza. Tangu siku hiyo hajala kwangu, hajalala kwangu. Angalieni pasi zake kama amewahi kuja.

Mnayo barua yangu ya kwanza. Isomeni tena. Nilimwita aje na mtoto. Mnafikiri nilimwita kwa nini? Nilitaka kumlisha kiapo. Yeye alijua. Ndiyo maana alikataa. Mnayo barua yake, ameandika siwezi. Mimi nikasema kama huji sitoi ruhusa, na yeye hakuja. Nikamwandikia tena habari ya koti nione kama atakuwa upande wetu, naye hakunijibu hata neno. Nimempigia mlango mara mbili na mara mbili ameufunga. Mtoto gani anamfungia baba yake mlango? Basi.

Yeye ni mtu wa Padri na wa karatasi. Ni mwoga. Tangu utoto hawezi kuchinja hata jogoo. Mtu kama huyo hana kazi kwetu.

Nasema mbele yenu, na muhuri wenu uwe shahidi. Sina mwana Embu. Ng'ombe wangu hawajui jina lake. Akifa hukohuko ng'ambo, asiletwe. Na yule mtoto aliyepewa jina langu, jina hilo nalitaka lirudi.

Barua hii apewe aisome kwa macho yake na aishike kwa mikono yake, ajue ni mimi niliyeandika wala si mwingine. Mkono wangu anaujua, ni mbaya.

Sina neno lingine.

Isipokuwa koti. Likimaliza kazi yenu, ni mali yangu. Kifungo cha tatu nilishona upya mwenyewe, kwa uzi wa ngozi, na hakijawahi kulegea.

Mukiri

*

Mombasa
Tarehe 11 Februari 1955

Kwa Mzee Mukiri, Kibirichia.

Sikuiti baba, kwa kuwa umeandika nisikuite.

Nakuarifu kwamba barua yako ilifika Embu tarehe tatu. Bwana D.O. alinisomea mbele ya Padri, pole pole, na alipofika kwenye jogoo alicheka. Kisha akapekua zile barua nyingine, akaziweka kando ya hii, akaona kwamba ni kweli niliitwa mara mbili na mara mbili sikuja. Akaniambia nina bahati kuwa na baba anayenichukia. Pasi zetu zilipigwa muhuri jioni ileile.

Uliomba niisome kwa macho yangu, nami nilipewa. Nataka ujue, Mzee, kwamba karatasi yako ilikuwa chafu sana. Bwana D.O. aliishika kwa ncha ya vidole akasema wazee wa huko hawanawi. Ilikuwa inanata. Sisimizi wawili walitoka kwenye mkunjo wakatembea juu ya jina langu, mmoja akabaki hapo hapo kwenye neno mwana, hataki kuondoka. Ilinibidi niishike kwa mikono miwili. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili barua fupi namna ile, mpaka askari akaniuliza kama najua kusoma.

Sikupata maji ya kunawa pale, wala sikuyaomba. Nilikwenda hivyo hivyo mpaka nyumbani. Mtoto alinikimbilia mlangoni akishangilia, akavuta vidole vyangu, akavilamba kimoja kimoja kama ndama anavyolamba chumvi. Halafu akakilaza kichwa chake katika mikono yangu, nami nikajifuta kifuani pake, kwa kuwa sikuwa na kitambaa. Wambeti alitazama. Hakumkataza.

Mimi nimekubali yote uliyoniandikia mikononi.

Moja tu sikulikubali. Ulisema jina lirudi. Halirudi. Limeshapigwa chapa kwenye cheti cha safari, Mukiri mwana wa Marete, umri miaka mitatu, na karani wa hapa bandarini ameliandika tena kwenye daftari la meli. Kesho asubuhi linavuka bahari, upende usipende. Mtoto bado anauvuta mguu wa kushoto. Daktari wa meli alimpima akasema mguu hauna kitu, ni ukaidi tu.

Wambeti amesema niandike kwamba sasa anajua, na kwamba hakulaumu.

Sitaandika tena.

Ishmael Marete

*

Maandishi nyuma ya barua hiyo, kwa penseli:

Imepokewa kambini tarehe 19 Februari 1955. Mwandikiwa amesomewa langoni, akiwa na pingu, kabla ya kupakiwa kwenye lori la pili. Ameomba mahali pa mtoto na vidole parudiwe. Pamerudiwa mara moja. Ameomba mara ya tatu, amekataliwa.

Ameulizwa kama ana jibu. Njiru, mkubwa wa homgadi, ambaye anamfahamu, alisema tulete karatasi nyingi kwa sababu mzee huyu hanyamazi. Karatasi ililetwa. Mzee ametazama mikono yake, akasema hana neno.

Lori limeondoka saa nne. Kofia alivuliwa.

Karani wa kambi